Msitusahihishie Mashairi

Kila ikifika tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, picha ya Shaaban Robert inatolewa inakohifadhiwa na kutundikwa ukutani. Mtu anasoma ubeti wake mmoja. Mgeni rasmi anatukumbusha kwamba yule mzee alikuwa Shakespeare wa Afrika Mashariki. Tunapiga makofi, tunakunywa Fanta, tunarudi nyumbani. Mwaka unaofuata ni hivyo hivyo.

Hilo jina la Shakespeare mimi silipendi. Kwanza sijui nani aliweka sharti kwamba mshairi wetu hawezi kuwa mkubwa mpaka afananishwe na Mwingereza. Lakini kama sharti lipo, basi wamemchagua mtu siye. Anayemfaa alitoka kaskazini zaidi, Uskoti, na aliitwa Robert Burns. Nataka kuwaeleza ninyi wasomaji wa jarida hili, mlio kambini na mlio ofisini, kwa nini nasema hivyo. Halafu nitasema ubaya tunaowafanyia vijana wetu kila mwaka, huku picha za washairi zikitutazama kutoka ukutani.

Tuanze na kazi zao. Burns alizaliwa tarehe 25 Januari 1759 katika kijiji cha Alloway, mtoto wa mkulima aliyelima mashamba ya kukodi. Alilima na baba yake tangu utotoni. Shule aliipata kwa shida. Baba yake alichangishana na majirani ili wamlipe mwalimu mmoja. Ushairi haukumlisha, kwa hiyo mwaka 1789 akaingia kazi ya serikali, ofisa wa ushuru anayezunguka kwa farasi kukagua pombe na bidhaa nyingine. Akafa mwaka 1796, ana miaka 37 tu.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 mpaka 1926, na chuo kikuu hakukiona. Alipomaliza akaajiriwa idara ya forodha, akawa karani huko mpaka mwaka 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali ya kikoloni. Akafa Juni 1962, nusu mwaka tu baada ya Tanganyika kupata uhuru.

Mmeona? Watu wawili wa ushuru. Mmoja anahesabu mapipa, mwingine anaandika stakabadhi za forodha, na mashairi wanayaandika kazi ikiisha. Yule kijana anayeendesha moto pale Nyabugogo na kuandika mistari kwenye simu huku akisubiri abiria, huyo ndiye mwenzao. Nawaambia hivi makusudi, kwa sababu vijana wetu wanadhani mshairi ni mtu wa digrii na miwani.

Lakini ushuru ni jambo dogo. Kubwa ni lugha, na hapa nataka mnisikilize vizuri.

Mwaka 1707 Uskoti iliunganishwa na Uingereza, na baada ya hapo wenye elimu wa Edinburgh wakaanza kuona haya kuongea Kiskoti. Kiingereza kikawa lugha ya kazi, ya bunge na ya heshima. Wasomi wakubwa kabisa walichapisha orodha za maneno ya Kiskoti ambayo mtu mstaarabu hapaswi kuyatamka. Fikirieni: mtu anajinunulia kijitabu ili ajifunze kumwonea haya mama yake mzazi! Basi katikati ya hali hiyo, mwaka 1786, kijana wa shamba akatoa kitabu katika mji mdogo wa Kilmarnock, nakala 612, na mashairi yake mengi yako kwa lugha ileile ya jikoni. Aliandika juu ya panya ambaye plau ilimbomolea kiota. Aliandika juu ya chawa anayetembea kwenye kofia ya bibi mmoja maridadi kanisani. Nakala zikaisha upesi.

Wakubwa wa Edinburgh wakamwita, wakamkaribisha mezani. Mwandishi Henry Mackenzie akamsifu kwamba ni mkulima aliyefundishwa na mbingu. Sifa nzuri, lakini itazameni vizuri. Walichokipenda ni jembe lake. Walipenda ile hadithi ya maskini mwenye kipaji. Lugha yake waliivumilia tu. Na mwingine, daktari John Moore, akamwandikia kumshauri aachane na Kiskoti, aandike Kiingereza, ili asomwe na wengi. Ushauri wa mtu mwema, kabisa. Hakuwa adui.

Burns alijaribu. Yako mashairi yake ya Kiingereza, na yapo vitabuni mpaka leo. Lakini yale ambayo watu wanayajua kwa moyo, yale yanayokaririwa na kuimbwa miaka zaidi ya 200 baadaye, mengi ni ya ile lugha aliyoambiwa aiache. Ule wimbo wa kuagana unaoimbwa dunia nzima usiku wa kuamkia mwaka mpya, wenye maneno ya Kiskoti kwenye kiitikio chake, watu wanauimba hata bila kujua maana yake. Burns alisema aliuandika kutoka kwenye mdomo wa mzee mmoja aliyekuwa akiuimba. Alikusanya nyimbo nyingi za namna hiyo na kuzitoa zichapishwe, bila kutaka malipo. Kila mtu anamjua yeye. Ile barua ya daktari tunaikumbuka kwa sababu tu Burns ndiye aliyeandikiwa.

Sasa njooni Kigali. Mimi nafanya kazi na vijana wakimbizi wanaokaa hapa mjini, wengi wao Wakongomani na Warundi, na mara kwa mara tunakutana na wenzao wa Mahama na Kiziba. Wanaandika. Msikubali kudanganywa kwamba vijana wa siku hizi hawaandiki. Wanaandika kwenye simu, wanaandika nyuma ya daftari la hesabu. Mwaka mmoja, kabla ya Siku ya Wakimbizi Duniani, ile ya tarehe 20 Juni, shirika moja lilitafuta mashairi ya kusomwa jukwaani. Binti wa miaka 16 akaleta la kwake. Kwao ni Kivu, na aliliandika kwa Kiswahili anachoongea na mama yake. Mstari wa kwanza ulikuwa huu:

Mama iko napika maji, batoto banakula moshi.

Mimi niliposoma nilinyamaza kwanza. Maneno saba tu, na ndani yake kuna sufuria isiyo na kitu, kuna kuni mbichi, kuna mama anayewadanganya watoto kwamba chakula kinaiva ili wapitiwe na usingizi. Hakuna neno njaa hapo. Halihitajiki.

Shairi likaenda ofisini. Liliporudi lilikuwa limechapwa vizuri kwa kompyuta, na mstari wa kwanza ulisema: Wazazi wetu wanakabiliwa na upungufu wa chakula. Mwishoni kulikuwa na ubeti mpya, ambao binti hakuuandika, wa kuwashukuru wafadhili.

Siku ya siku akalisoma. Alipigwa picha, akapewa fulana. Wiki iliyofuata akaja kwenye kikundi na daftari jipya, akakaa, akaniuliza: "Kaka, mwaka huu mada ni gani?"

Hilo swali ndilo linaloniandikisha makala hii. Mtoto aliyekuwa anaona sufuria ya mama yake amefundishwa kwamba shairi ni fomu ya kujaza. Na hakuna aliyemfokea, hakuna aliyemkataza kuandika. Walimsahihisha tu, kwa upole, kama yule daktari na barua yake.

Najua mtanijibu nini. Majibu nimeyasikia yote, ngoja niyapitie moja moja.

La kwanza linatoka kwa walimu wetu, na nawaheshimu. Wanasema: mtoto akizoea "batoto banakula" atafeli mtihani, na barua ya kazi ataiandikaje? Isitoshe Shaaban Robert mwenyewe, huyo unayemtaja, aliandika Kiswahili kilichonyooka.

Ni kweli, aliandika Kiswahili kilichonyooka, tena kuliko cha wengi wanaomtaja. Na mimi sipigani na Kiswahili sanifu. Makala hii yenyewe naiandika kwa Kiswahili nilichofundishwa sekondari. Nyumbani nikiongea hivi mama yangu huniuliza kama nimekuwa mtangazaji wa redio. Shuleni kuna sare, na sare ina kazi yake. Ila hakuna anayelala na sare.

Lakini tumtazame vizuri huyo Shaaban Robert. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Kiyao, watu wa kusini kule kuelekea Ziwa Nyasa, mbali na Tanga. Yaani yule tunayemwita baba wa Kiswahili cha kisasa alitoka katika ukoo uliohama, ukaikuta lugha ya mahali, ukaifanya yake. Sisi tulio Kigali na Mahama tunaijua safari hiyo. Hakuna aliyemwambia asubiri kwanza awe mwenyewe wa lugha.

Na alipotaka kuandika wasifu wa mtu, alimchagua nani? Angeweza kumchagua sultani au gavana. Alimwandikia Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini ya wafinyanzi, akauza vyungu vya udongo akitembea navyo kwa miguu. Taarabu ya ikulu ya sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, Kiswahili cha mtaani, chenye habari za mtaani. Walimcheka sura, wakamcheka asili. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi, na sahani zake za santuri zikauzwa pwani nzima na bara. Huyo ndiye Shaaban Robert aliyemwona anastahili kitabu. Alijua lugha inakaa wapi.

Kuhusu hicho Kiswahili safi, nacho kina historia yake. Mwaka 1930 serikali za kikoloni ziliunda kamati ya lugha, na Kiunguja ndicho kilichowekwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, kikaachwa pembeni. Je, Muyaka alikuwa anakosea? Alikufa mwaka 1840, miaka 90 kabla ya kamati kukaa. Hatuwezi kumpelekea karatasi yake kaburini ina alama nyekundu.

Na watu wa Kigali ndio wanaopaswa kulijua hili kuliko wote. Kiswahili kilipofika mji huu kilikuja na wafanyabiashara na askari wa Wajerumani, na wengi wao walikuwa Waislamu. Wakoloni wakawatenga katika mtaa wao, Biryogo, huku Nyamirambo. Kwa miaka mingi mtu kuitwa Mswahili hapa mjini ilikuwa karibu na kuitwa mjanja asiyeaminika. Kisha mwaka 2017 Bunge la Rwanda likapitisha sheria, Kiswahili kikawa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Sasa kina siku yake na jukwaa lake. Mzee anayeuza chai Biryogo hakubadilisha hata neno moja kati ya mwaka ule na uliotangulia. Yeye aliendelea kuongea vilevile, wakubwa ndio waliogeuza macho. Kama macho yaligeuka kwa Kiswahili cha Biryogo, kwa nini yasigeuke kwa Kiswahili cha Masisi, cha Uvira, cha Rutshuru? Wale wale waliokuwa wanadharauliwa jana wanamcheka mtoto wa Kivu leo kwa sababu amesema "batu" badala ya "watu". Jamani!

Jibu la pili linatoka mashirikani. Wanasema: wageni wetu hawataelewa. Mfadhili anasoma Kiingereza, labda Kifaransa. Tukimpa "napika maji" atatoka na nini?

Hapa ndipo namrudia Burns, kwa sababu tatizo hilo alilikuta na alilitatua mwaka 1786. Mwishoni mwa kitabu chake cha Kilmarnock aliweka faharasa, orodha ya maneno ya Kiskoti na maana zake kwa Kiingereza. Msomaji wa London asiyeelewa alitakiwa afungue ukurasa wa nyuma. Maneno ya shairi yakabaki yalivyo. Kitu rahisi namna hiyo! Mtafsirieni mgeni chini ya shairi, au msomeeni tafsiri kwanza, kisha binti asimame aseme lake kwa mdomo wake. Mgeni ni mtu mzima, atavumilia dakika mbili za kusikia sauti asiyoijua. Sisi tunavumilia hotuba zake za saa nzima.

Halafu tuseme ukweli. Ule mstari uliosahihishwa haukusahihishwa ili ueleweke. "Mama anapika maji, watoto wanakula moshi" unaeleweka kwa lugha yoyote duniani. Ulibadilishwa kwa sababu "upungufu wa chakula" unafanana na ripoti, na ripoti haimuumizi mtu tumboni. Kama Mackenzie alivyolipenda jembe, kuna watu wanaipenda hadithi ya mkimbizi lakini hawataki kuisikia ikitoka kinywani mwake.

Jibu la tatu ndilo zito, na sitalicheka. Wafanyakazi wa ulinzi wa watoto wananiambia: shairi linaweza kumletea mwandishi matatizo. Akisema wazi mambo ya nyumbani au ya kambini, kesho yake nani atamlinda? Tunasafisha ili kumkinga.

Nasema hivi. Kumkinga mtoto ni kazi yenu na ifanyeni. Muulizeni kama anataka jina lake litajwe. Muulizeni kama anataka picha. Akisema hapana, iwe hapana. Lakini kuficha maana ni kazi ya mshairi mwenyewe, na washairi wanaijua tangu zamani. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni alipotoa Kusadikika mwaka 1951. Akaisimulia nchi inayoelea angani, nchi isiyo na ardhi chini yake, ambako mtu aitwaye Karama ameshtakiwa barazani. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote za dunia, wakarudi na mawaidha mema, na kila aliyerudi akatiwa gerezani. Kila msomaji aliyekuwa anaishi chini ya mkoloni alielewa ni nchi gani hiyo. Na mkoloni hakuwa na sentensi moja ya kumkamatia. Mkimbizi aliyekaa kambini miaka 10 naye akiisoma anaielewa, kwa sababu yake mwenyewe.

Yule binti naye alikuwa amejificha. Hakutaja kambi, hakutaja ofisi, hakumlaumu mtu. Alitaja sufuria. Mliposahihisha ndipo mlipomvua lile vazi alilojivika, mkamsimamisha jukwaani na tamko la kisiasa asilolichagua.

Kuna ndugu ataniuliza: wewe mkimbizi wa Kikongomani unamshikia bango Mzungu wa nini? Swali zuri. Sitaki tuvunje sanamu moja tuinue nyingine. Burns hakuwa malaika. Mwaka ule ule wa 1786 alikuwa amekubali kazi Jamaika, kwenda kuwa mtunza vitabu kwenye shamba la miwa, na mashamba yale yalilimwa na watumwa, watu waliotolewa Afrika. Mshairi wa wanyonge alikuwa tayari kupanda meli kwenda huko. Kitabu kilipouzika ndipo akabaki. Wanaomsherehekea wasiliruke jambo hilo, na sisi tusiliruke.

Lakini sikilizeni na hili. Mwaka 1838 kijana mmoja Mwafrika alitoroka utumwani Marekani. Jina lake Frederick Douglass, na baadaye akawa sauti kubwa kabisa dhidi ya utumwa. Kitabu cha kwanza alichonunua baada ya kutoroka kilikuwa mashairi ya Burns. Alikaa nacho karibu miaka 31, kisha akampa mwanawe mkubwa kiwe kumbukumbu. Mwaka 1846 alipokuwa Uskoti alifika mpaka nyumbani kwa Burns, akaonana na dada yake mshairi. Mtoro, mtu anayetafutwa arudishwe kwa bwana wake, alijiona katika maneno ya mkulima wa mbali, kwa lugha ambayo wasomi wa Edinburgh waliionea haya. Burns angeenda Jamaika hakumjua Douglass. Shairi lilimfikia mtu ambaye mshairi mwenyewe hakumfikiria.

Huo ndio urithi ninaoutaka mimi. Urithi wa mshairi hauko kwenye picha ya ukutani, wala hauko kwa wenye vyeo wanaomtaja kwenye hotuba. Uko kwa mtu yeyote anayeyashika yale maneno na kupata ruhusa ya kusema ya kwake. Sherehe ya Shaaban Robert inayomnyamazisha binti wa miaka 16 haimrithi Shaaban Robert. Inamla matanga.

Hata sherehe za Burns zinatufundisha. Ya kwanza ilifanyika mwaka 1801, miaka mitano baada ya kifo chake. Watu tisa tu waliomjua walikutana katika nyumba ile ya Alloway alikozaliwa. Hapakuwa na kamati wala mgeni rasmi. Walikula hagisi, chakula cha maskini, maini na moyo na mapafu ya kondoo yaliyokatwakatwa na kupikwa ndani ya tumbo lake. Ukikaa Nyamirambo mwite binamu wa zingalo. Wakasema mashairi yake. Siku hizi Januari ikifika Waskoti wanafanya hivyo duniani kote, hata Nairobi na Kampala, na ziko karamu nyingine za hoteli na tai ambazo mimi na wewe hatuingii mlangoni. Lakini kuna kitu hawajakiacha: lazima mtu asimame aseme shairi, na analisema kwa Kiskoti, vilevile lilivyoandikwa. Mgeni asiyeelewa anakaa anasikiliza.

Basi naomba mambo matatu, na ninayaomba kwa majina ya wahusika.

Ninyi wa mashirika: shairi mkiletewa, lisomwe lilivyo au lisisomwe kabisa. Tafsiri iende chini yake, na mwandishi aione kabla haijachapwa. Ubeti wa shukrani kama mnauhitaji, uandikeni wenyewe na muuweke majina yenu. Mtakuta hata mfadhili ataupenda zaidi ukweli, na asipoupenda, yule mtoto hatakuwa amepoteza kitu.

Ninyi walimu na wazee wetu: fundisheni sanifu darasani, tena kwa nguvu. Lakini kijana akisimama kusema shairi lake, msimkate katikati kumwambia "sema watu, usiseme batu". Ngojeni amalize. Nimeona vijana wengi wakianza kwa sauti kubwa na kumaliza kwa kunong'ona kwa sababu ya kicheko kimoja cha mtu mzima.

Na ninyi wahariri wa jarida hili, ambao mmenipa kurasa hizi: chapisheni mashairi ya Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura, cha Biryogo, na nyuma wekeni faharasa. Ukurasa mmoja unatosha. Mimi na vijana wangu tutaiandika faharasa hiyo bure.

Kwa vijana nina ombi moja pia. Tusingoje Juni na Julai. Usiku wa tarehe 31 Desemba, saa sita, watu wa dunia nzima wanashikana mikono kuimba wimbo wa karani mmoja wa ushuru, na dakika hiyo hiyo inaanza siku ya kuzaliwa ya karani mwenzake wa Tanga. Tukutane usiku huo. Mahama wakutane Mahama, Kiziba wakutane Kiziba, sisi wa Kigali tutapata uwanja wa mtu huku Nyamirambo. Bila bango, bila fulana, bila mada. Kila mtu aje na shairi moja kichwani, kwa Kiswahili kile anachomwitia mama yake. Mwenye mahindi alete mahindi.